Kompyuta Iliyovalishwa Kitambaa

Kabla sijaiona ile kompyuta, niliisikia. Nilikuwa nimepanga chumba cha uani, mtaa wa Mshangano, kwa mwalimu mstaafu na mkewe, na ukuta wa chumba changu ndio uliokuwa ukuta wa sebule yao. Asubuhi ya kwanza, nikiwa bado nimejikunyata ndani ya blanketi kwa baridi ya Juni, wimbo ulianza upande wa pili. Ulikuwa wimbo wa kanisani wa sauti nne, lakini ulipigwa na kitu kisichokuwa na pumzi. Ulikwenda hatua chache, ukakwama, ukakoroma, ukaruka mbele, ukakwama tena. Kisha kimya. Kisha mtu mzima akasema, kwa upole wa mtu anayemlisha mgonjwa, "Haya, tuanze tena."

Songea nilikuja kwa siku tatu. Hivyo ndivyo ninavyokuja kila mahali. Nilitoka Lusewa juu ya lori la mahindi, na Lusewa nilikaa msimu mmoja nikitengeneza pampu za kunyunyizia dawa mashambani. Kabla ya hapo nilikuwa kwingine. Kwetu ni Namasakata, Tunduru, kwenye mikorosho ya baba. Shule niliiachia kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza. Siku moja nilitoka darasani kwenda kuwatazama mafundi wakifunga transfoma barabarani, na sikuona sababu ya kurudi. Tangu utotoni nimekuwa nikifungua vitu. Niliwahi kukifungua kipaza sauti cha msikiti wetu nijue sauti inakuzwaje, na adhana ya alasiri siku hiyo ikaadhiniwa kwa mdomo mtupu. Baba alinichapa, kisha akaniuliza nilikuta nini ndani.

Kwa hiyo siku ya pili nilibisha hodi.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mama."

"Marahaba, mpangaji," alisema yule mzee. "Baridi imekuamsha?"

"Wimbo ndio umeniamsha."

Mkewe alicheka. "Si wewe tu. Hata jogoo siku hizi anasubiri wimbo umalizike ndipo awike. Maskini, hajawika mwaka mzima."

Katika sebule ile hakukuwa na kitu kilichokaa uchi. Makochi yalivaa vitambaa vya kufuma mgongoni na mikononi. Redio ilivaa, televisheni ilivaa, chupa ya chai ilivaa, hata mtungi wa gesi ulioshindikana kuingia jikoni ulisimama kwenye kona na kitambaa chake kichwani. Vyote alivifuma Mama kwa uzi wa rangi ya maziwa wenye pindo la njano. Kompyuta ndiyo iliyovishwa zaidi, kwa kuwa ndiyo ilikuwa na thamani kuliko vyote: kitambaa kimoja kirefu kilianzia juu ya skrini, kikapita juu ya lile boksi la pembeni ambalo kila mtu huliita CPU, kikaning'inia pande zote mpaka mezani. Nilipoomba kuiona, Mama alikivua kwa mikono miwili kama anayemvua mtoto shati, akakikunja mara nne, akakaa nacho mapajani. Ningekiangalia vizuri saa ile, habari hii ingekuwa fupi.

Mwalimu alinieleza tatizo lake bila kuzunguka. Alikuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka mingi zaidi ya ile aliyofundisha shule, na alikuwa mtunzi. Nyimbo zake zilikuwa zikiimbwa parokiani kwao na kwenye vigango vya mbali asivyovifahamu. Alikuwa na sharti moja alilojiwekea tangu ujana: hakuwapa wanakwaya wimbo ambao yeye mwenyewe hajausikia wote, sauti zote nne, mwanzo mpaka mwisho. Zamani aliusikia kichwani. Baadaye akausikia kwa kinanda. Sasa sikio la kushoto lilikuwa limekufa, na la kulia lilikuwa njiani. Daktari alimwambia asihesabu miaka, ahesabu miezi. Kinanda hakikumfaa tena, maana sauti zilimchanganyikia. Lakini kompyuta iliweza kupiga kila sauti peke yake na kisha zote pamoja, naye akaweka spika karibu na sikio lililobaki. Binti yake alimwachia mashine hiyo alipohamia kikazi mkoa mwingine, ikiwa imeshazeeka mikononi mwake.

"Nimetunga wimbo wa shukrani, wa baada ya komunyo," alisema. "Umekamilika kwenye nota. Mashine haijawahi kunifikisha ubeti wa pili. Nataka niusikie mara moja tu mpaka mwisho. Baada ya hapo sikio likitaka kwenda, liende."

"Na ukiwapa tu hivyo hivyo?"

"Kama kuna kosa, wataimba kosa langu nami sitalijua. Nitakaa pale mbele nikitikisa kichwa." Akatikisa kichwa kwa furaha, kama mzee asiyesikia kitu, na mimi nikacheka, kisha nikaacha kucheka.

Siku tatu zangu ziliishia hapo.

Sikuwa fundi wa kompyuta. Nilikuwa mtu aliyekaa kwa mafundi wengi. Nilichokijua nilikiokota kwa kuuliza maswali mpaka nifukuzwe, na kwa kusoma kwenye simu nikisubiri magari. Nilijua kwamba prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote, kwamba hesabu huzaa joto, na kwamba joto likizidi prosesa haizimiki kwanza. Inajipunguza. Inafanya kama mtu aliyebeba gunia juani: haliangushi, anafupisha hatua. Ukimwona kwa mbali utasema ni mvivu.

Nilikuwa na vibarua mjini asubuhi, kwa hiyo kazi yangu sebuleni ilianza alasiri. Mwalimu saa hizo alikuwa shambani kusimamia mavuno. Sikio lake, alisema, lilikuwa la asubuhi. Kufika mchana lilikuwa limeshajaa mlio wake lenyewe. Shahidi wangu akawa Mama. Alikivua kitambaa, akakikunja, akakaa, akanitazama nikifungua boksi kwa bisibisi.

Ndani kulikuwa na vumbi la miaka. Nilienda kwa fundi baiskeli wa barabarani nikaazima pampu, nikapuliza huko nje uani mpaka kuku wakakimbia. Kisha nikaing'oa feni na kile kipande cha aluminiamu chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa. Kati ya viwili hivyo hupakwa dawa fulani nzito ya kupitisha joto. Yao ilikuwa imekauka na kupasuka kama udongo wa ukuta. Mjini niliulizia madukani, wote wakaniambia mpaka iagizwe Dar. Fundi simu mmoja wa Tunduru aliwahi kunionyesha njia ya mkato, nikaitumia: dawa ya meno, nyeupe, isiyo na chembechembe, kiasi cha punje ya mchele.

"Wewe umeshapiga mswaki leo," Mama aliuliza, "au yote umeipa mashine?"

Dawa ya meno inafanya kazi. Nasema hivyo kwa sababu nimeona watu wakibisha. Inafanya kazi siku saba au nane, kisha inakauka na kuwa chokaa, na mashine inarudi pale pale au pabaya zaidi. Ilinipa muda tu mpaka dawa yenyewe ilipofika kwa basi.

Nilifanya na mengine. Niliinua boksi juu ya vipande vinne vya tofali ili lipate hewa chini. Nilihamisha meza mpaka dirishani, upande unaoingia upepo wa baridi wa milimani, kwa kuwa watu wa miji ya joto hununua feni za ziada na sisi Songea tulikuwa na Juni ya bure. Nilijaribu kuweka mtungi wa maji kwenye dirisha ili upepo upite juu ya udongo wenye ubaridi. Mama akauliza kama mashine ina kiu, na kesho yake nilipokuta matone mezani niliutoa mwenyewe kwa haraka kabla hajaongeza neno. Niliondoa programu zote zilizokuwa zikiamka pamoja na kompyuta bila kuitwa: michezo ya binti, kalenda ya nchi nyingine, na walinzi wawili wa virusi waliokuwa wakilindana wao kwa wao.

Njia niliyoipenda kuliko zote, na ambayo hakuna aliyeniamini nilipoieleza, ilikuwa kuipunguza. Ndani ya mipangilio ya umeme kuna mahali unapoweza kuiambia prosesa isitumie nguvu zake zote, ikomee sehemu nne kati ya tano. Ukiiacha iende itakavyo, inakimbia kwa dakika moja, inachemka, inaanza kutambaa. Ukiizuia kidogo, haichemki, na inakwenda mwendo ule ule mpaka mwisho.

Mwalimu aliposimuliwa alivua miwani. "Yaani umeipunguza ili iongezeke?"

"Ndiyo."

"Hapo umesema kama padre."

Na ilikwenda. Alasiri moja niliufungua wimbo wake, nikabonyeza, na zile sauti nne zikapita mbele yangu bila kukwama hata mara moja, ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, wa tatu, mwisho. Mimi ni Mwislamu, nyimbo zao sizijui zinavyopaswa kwenda. Nilijua tu kwamba zimefika.

"Leo wameamka na haraka hawa," Mama alisema.

Nilidhani ananisifu. Mimi na yeye tukamweleza Mwalimu jioni ile kwamba mashine imepona. Akalala mapema.

Asubuhi, kupitia ukutani, nikasikia wimbo ukianza, ukaenda, ukavuka kiitikio, nami nikakaa kitandani nikiwa nimeshika viatu mkononi. Kisha ukakoroma. Ukakwama. Ukaburuta kama kigoda sakafuni.

"Haya, tuanze tena," alisema Mwalimu.

Ikawa hivyo karibu wiki mbili. Alasiri mbele yangu ilikwenda. Asubuhi mbele yake ilikufa, wakati mwingine mbele kidogo ya jana, wakati mwingine nyuma. Nilibadilisha nyaya. Nililaumu umeme wa asubuhi, nikaazima stebilaiza, nikairudisha. Nililaumu baridi, mimi niliyekuwa nikiisifia. Mwalimu hakuninung'unikia hata siku moja. Alianza tu kuniuliza uani asubuhi, "Umesema ilifika mwisho?" kwa namna ya mtu anayemuuliza mtoto kama kweli ameoga.

"Inakuogopa wewe," Mama alisema. "Ukiingia inajikaza. Nimewahi kuwa na ng'ombe wa hivyo."

Nilichoka, na nikichoka huwa naondoka. Nimeacha kazi nyingi pale zinapofika mahali ambapo nimeshajua kila kitu isipokuwa kile kimoja kinachotakiwa. Nilifunga begi. Kulikuwa na lori la kuelekea Mbinga saa nne, kahawa ilikuwa inavunwa, nami sikuwahi kuona mashine za kumenyea kahawa kwa karibu. Saa tatu asubuhi nikaenda sebuleni kuaga, saa ambayo sikuwahi kuwapo.

Mwalimu alikuwa kazini. Skrini ilikuwa wazi, kitambaa kimefunuliwa mbele na kurudishwa nyuma kama pazia la dirisha, na sehemu yote iliyobaki ya kitambaa kile ilikuwa juu ya boksi, pande zote, mpaka mezani. Chini yake feni ilikuwa ikilia. Niliweka kiganja. Palikuwa na joto kama chini ya kuku anayeatamia.

Mbele yangu kitambaa kilikuwa kikivuliwa kwa sababu mimi ni mgeni. Mbele ya mwenye nyumba hakikuvuliwa, kwa nini kivuliwe? Alihitaji skrini, akafunua skrini.

"Mwalimu," nilimwambia kwenye sikio la kulia, "ni kitambaa."

Alikitazama kitambaa, akanitazama mimi, kisha akatazama mlango wa jikoni ambako mkewe alikuwa anapepeta. "Najua kuna joto humo," alisema polepole. "Sikujua kwamba joto na kuburuta ni kitu kimoja." Halafu akainama. "Mwambie wewe."

"Mimi?"

"Wewe unaondoka. Mimi nimeoa hapa."

Nikamwambia vibaya. Nimelirudia neno lile kichwani mara nyingi, na sijui kwa nini sikulichagua jingine. Nilikuwa na lori linanisubiri na nilifurahi kupata jibu. Nilisema, "Mama, kumbe kitambaa chako ndicho kinachoiua mashine."

Aliweka ungo chini, akaingia sebuleni, akakivua kitambaa cha kompyuta. Kisha akavua cha televisheni. Akavua cha redio, cha jagi, cha chupa ya chai, vya makochi kimoja kimoja, na cha mwisho kile cha mtungi wa gesi. Alivikunja vyote mara nne nne, akavipeleka chumbani, na tukasikia kufuli ya sanduku. Sebule ikabaki kama ya watu wanaohama. Kochi moja lilikuwa limechanika begani, na nadhani hata Mwalimu alikuwa hajawahi kuliona tundu lile.

Lori liliondoka bila mimi. Sikuweza kuaga katika hali ile.

Mchana, mashine ya kupukuchulia mahindi ikaja kwa jirani. Ilikuwa zamu ya mtaa wetu. Ilinguruma mpaka jioni, na makapi mekundu mekundu yakaruka juu ya ua, yakaingia kwa dirisha lile nililolifungua mwenyewe kwa ajili ya upepo, yakatua juu ya meza, juu ya makochi, juu ya televisheni tupu. Mama alipita mara mbili na hakufuta.

Asubuhi nilikwenda kusimama nyuma ya Mwalimu. Nilimwamkia, hakuitika. Nikamwamkia tena karibu. Aligeuka akiwa ameshtuka, akagusa sikio la kulia.

"Leo limeziba," alisema kwa sauti kubwa mno. "Linaziba siku hizi, halafu linafunguka. Tuendelee. Ongeza sauti."

Nikaongeza mpaka mwisho. Wimbo ulianza vizuri, safi kuliko nilivyowahi kuusikia, ubeti wa kwanza wote, kiitikio chote. Kisha feni ikapiga yowe kama gari lililokosa mafuta, na kompyuta ikazimika. Nilifungua boksi pale pale. Makapi ya mahindi yalikuwa yamejaza mapezi yale ya aluminiamu, na katikati ya feni, umejisokota kwenye ekseli, kulikuwa na uzi wa njano.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mikono kifuani.

"Kimevuliwa," alisema. "Imepona?"

Nilikuwa nimelifikiria joto kwa majuma yote yale na vumbi sikulifikiria. Nilidhani vile vitambaa ni mapambo. Yeye alikuwa akipigana na makapi, na barabara ya vumbi, na moshi wa jikoni, kila siku kwa uzi na sindano, kabla binti hajaileta kompyuta, kabla mimi sijajua kompyuta ni nini. Ilikuwa imedumu miaka yote hiyo kwa sababu ilivaa. Na ilikuwa inakufa kwa sababu ilivaa. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa kuwa sikuona njia nyingine.

"Nisamehe Mama. Inahitaji kufunikwa, na inahitaji kupumua."

"Hilo ungelisema jana. Jana uliniambia kinaua. Hukuniambia mashine inapumua." Akageuka akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na tenga.

Lilikuwa tenga la kuku, la fito, pana chini na jembamba juu, la zamani. Alipokuwa kijana alinunua kuku vijijini na kuwaleta sokoni, na wengine aliwasafirisha hadi Njombe.

"Kuku," alisema, akilipiga tenga kofi, "anakaa humu siku mbili na anafika mzima. Ukimwonea huruma ya baridi ukamfunika kanga, unafika na nyama. Mnadhani sisi hatujui joto?"

Tulifanya kazi ile pamoja siku mbili, na kwa siku hizo mbili Mwalimu alikaa kwenye kochi lililochanika akiwa hasikii karibu chochote, akitutazama midomo. Mimi nilisafisha feni kwa mswaki, mswaki wangu wa zamani, na Mama aliuona akanyamaza, jambo lililonigharimu usingizi zaidi kuliko kama angenitania. Yeye alipima boksi kwa shubiri, marefu na mapana, kama anayepima suruali. Tukalikata tenga chini liweze kulifunika boksi bila kuligusa. Juu ya fito akavuta chandarua kuukuu, kilichokuwa hakina kazi kitandani kwa sababu ya matundu makubwa mawili, akaruka matundu, akatumia pazuri. Chandarua kinazuia makapi. Upepo kinaupitisha. Nilipeleka mkono na kusikia hewa ya moto ikitoka na ya baridi ikiingia, na nilikaa pale nikipeleka na kurudisha mkono kama mjinga.

"Kinatisha," Mama alisema akilitazama tenga. "Mgeni akija atauliza yai liko wapi." Akafungua sanduku. Alikuja na kile kitambaa kirefu, akakikata, kweli akakikata kwa mkasi, na pindo la njano akalishona kuzunguka mdomo wa tenga. Kilichobaki alikivalisha skrini. Halafu akawarudishia wengine wote nguo zao, akimalizia na mtungi wa gesi.

Siku ya tatu sikio likafunguka.

Mwalimu alikuja kunigongea mwenyewe. "Mpangaji! Nimemsikia jogoo."

Tulikaa watatu. Mwalimu alisogeza spika mpaka karibu na sikio, akafunga macho, akabonyeza.

Wimbo ulitoka kama watu waliofunguliwa geti. Sijui kusema vingine. Sauti ya kwanza ilikimbia, ya pili ikaikimbilia, besi ikadunda chini yao kama gunia linaloanguka ngazini, ubeti wa kwanza ukaisha kabla Mwalimu hajakunja miguu. Alifungua macho. Ubeti wa pili ulipita. Wa tatu ulipita. Mwisho, kwa kishindo, kisha kimya.

"Baba," Mama alisema, "hii ni shukrani au mbio za mwenge?"

"Nilisema," akanigeukia mimi, "nilisema wana haraka!"

Mwalimu alikuwa ameshika mdomo. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yakitikisika, na kilipomtoka kikawa kicheko, kicheko kirefu cha kukosa hewa. Alinionyesha kwa kidole namba ndogo juu ya nota ya kwanza, ile inayoiambia mashine mwendo. Kila asubuhi, mwaka mzima, wimbo uliburuta. Na kila ulipoburuta, aliongeza namba kidogo ili uchangamke. Alidhani ameutunga mzito mno. Aliupiga mjeledi kila siku, na kosa halikuwa la wimbo.

"Nilitaka kuwaua watu wangu," alisema akifuta macho. "Wangeanguka pale mbele ya altare."

Akairudisha namba nyuma, nyuma, nyuma, karibu nusu. Akafunga macho tena.

Wimbo ule sasa ulitembea. Nilikuwa nimeusikia vipande vipande kwa zaidi ya mwezi kupitia ukutani na sikuwahi kuujua. Palikuwa na mahali kabla ya kiitikio ambapo sauti tatu zilinyamaza na besi ikabaki peke yake ikipanda hatua nne, taratibu, kama mtu anayeinuka baada ya kupiga magoti. Mama aliacha kufuma. Chini ya tenga feni ilikuwa ikizunguka kwa sauti ndogo, na nilijikuta naisikiliza hiyo zaidi, nikihesabu, nikiiomba. Haikukwama. Ulikwenda mpaka mwisho.

Mwalimu hakusema ahsante wala hakufungua macho. Alisema, "Rudisha kwenye besi. Pale inapopanda."

Nikarudisha. Akasikiliza mara nne.

"Hatua ya tatu inabisha na nota iliyoachwa na alto. Zinagongana." Akaishusha nota ile nusu hatua, akasikiliza tena, na uso wake ukalegea. "Basi. Sasa naweza kuwapa."

Lori la Mbinga lilipita wiki ile mara mbili. Nilikaa mpaka wanakwaya walipojifunza wimbo, halafu Jumapili nikavaa shati langu safi nikasimama nje ya kanisa, karibu na dirisha, kwa kuwa sikujua kama naruhusiwa zaidi ya hapo. Mama alikuwa ndani na alinionyesha kwa kidevu niingie. Nilibaki dirishani. Mwalimu aliketi benchi la mbele, ubavu wa kulia umewaelekea wanakwaya. Asubuhi ile sikio lilikuwa limeziba; aliniambia mwenyewe tulipotoka nyumbani, bila kulalamika, kama mtu anayesema kuna mawingu.

Walipofika pale kabla ya kiitikio, sauti tatu zikanyamaza, wanaume wa besi wakaanza kupanda. Hatua ya kwanza. Ya pili. Mwalimu aligeuka kuelekea dirishani akanitafuta kwa macho, na kwenye ile hatua ya tatu, sawasawa pale pale, akainua kidole kimoja.

Sijui kama aliisikia au aliihesabu. Nilipitisha mwezi mzima nikitafuta jinsi ya kumuuliza, na mwezi huo nilikuwa bado nimepanga Mshangano.